Sura ya Tano: Chuma cha Dukani, Mti wa Kizuka

Panga jipya ni kazi ya watu wawili wenye nia mbili. Aliyetengeneza bapa alijua kwamba litapimwa shambani, kwa kukata. Aliyetengeneza mpini alijua kwamba utapimwa dukani, kwa muda wa kufumba na kufumbua, na mnunuzi mwenye mikono mikavu. Kizuka, katika tarafa ya Rumonge nchini Burundi, mikono mikavu ni ya watoto na wageni.

Ukanda huu wa Imbo, uliobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, unaishi kwa samaki na kwa mawese. Samaki tumewaacha kwa sura nyingine. Michikichi iko kila upande: ile ya zamani ya aina ya Dura, yenye kokwa nene na nyama kidogo, na ile ya Tenera, iliyozaliwa kwa kuchanganya Dura na Pisifera, yenye kokwa nyembamba na mafuta mengi. Tenera ilienezwa huku kwa miradi ya serikali, na kwa miaka mingi jina lililotajwa na wakulima lilikuwa OHP, ofisi ya umma ya mafuta ya mawese. Mti ukiwa mchanga unavunwa ukiwa umesimama chini. Ukirefuka unapandwa kwa mkanda, au unafikiwa kwa mundu uliofungwa juu ya mti mrefu. Katikati ya umri huo, miaka ambayo mkungu uko usawa wa kifua hadi juu kidogo ya kichwa, kazi ni ya panga na shoka.

Na mkungu wa chikichi haukatwi kwa pigo moja. Umejificha kwapani mwa makuti, na ili uufikie lazima kwanza uondoe kuti lililoubeba. Shina la kuti lina miiba pande zote mbili. Ukishalishusha ndipo unakiona kikonyo, kinene, chenye nyuzinyuzi ngumu, na hapo hakuna nafasi ya kuzungusha mkono. Unapiga mapigo mafupi ya pembeni, mara nyingine kutoka chini kwenda juu. Chikichi zilizoiva zikichubuka hutoa mafuta mekundu, na mafuta hayo hupanda kwenye bapa, yakashuka mpaka kiganjani. Mkungu wa mti uliokomaa huweza kuzidi kilo 20. Mkataji akihisi umeanza kulegea, mwili wake wote hujitayarisha kuruka pembeni, na vidole navyo hulegea bila yeye kujua. Hapo ndipo panga huponyoka.

Plastiki hainywi mafuta. Tone likifika juu yake linabaki juu, likisubiri la pili. Mti mkavu hunywa kidogo, na vinyweleo vyake huacha uso wenye kushika. Jua nalo halina huruma na plastiki: miezi kadhaa ya kuachwa nje, juu ya bati au kwenye ukingo wa shamba, na mpini mweusi unaanza kupauka na kupasuka kwenye matundu ya ribiti. Kwa hiyo nasema, na wakata ngazi, yaani wakata mikungu ya chikichi, niliozungumza nao hawakunipinga: nunua panga kwa ajili ya chuma, mpini wake uhesabu kama karatasi ya kufungia mkate.

Kwa upande wa chuma hakuna siri kubwa. Wazee waliokaa Tanzania bado wanalisifu panga la UFI, kiwanda cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China. Wengine wanakumbuka alama ya mamba ya Ralph Martindale wa Birmingham, na waliobahatika wamewahi kushika Tramontina ya Brazil, ambayo mara nyingi huja na vibao vya mti vinavyostahili kuachwa mahali pake. Siku hizi mengi hayana jina la kukumbuka. Hilo si baya, mradi unajua pa kutazama, na pa kutazama si kwenye makali. Makali yanatengenezwa kwa tupa. Tazama msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini. Msuka mzuri ni mpana kama mpini wenyewe na unafika mwisho wake. Ukiinamisha panga unaona ukingo wa chuma ukipita kati ya vibao viwili kutoka mwanzo hadi kisiginoni. Msuka mfupi unaoishia katikati hauna dawa. Utabadilisha vibao mara tatu na kila mara mti utapasuka palepale, pale chuma kinapoishia na nguvu zote za mkono zinapobaki juu ya mti mtupu. Panga la namna hiyo liache dukani hata kama mwenye duka ni shemeji yako.

Wengi huanza kwa kutafuta mti wa mpini mpya. Wanaanzia mahali pasipo. Yupo fundi mmoja Kizuka ambaye riziki yake ni milango na vitanda, na mapanga huyafanya jioni. Nilikuwa barazani kwake kijana alipoingia na panga lenye mpini uliofungwa kwa kamba ya neti.

"Mzee, nimeleta panga. Mpini umekufa."

"Panga nimeliona," akajibu bila kuinuka. "Lete mkono, kijana wangu."

Akampa vipande vya mti vilivyochongwa unene mbalimbali, akamwambia akunje ngumi kwa kila kimoja huku yeye akitazama ncha za vidole. Unene unaofaa ni ule unaoruhusu ncha ya kidole cha kati na cha pete kukaribia nyama ya chini ya kidole gumba, kuigusa kidogo, bila kuichoma. Vidole vikiingia ndani sana, mpini ni mwembamba: utazunguka mkononi kila panga likigonga kitu kigumu, na mkataji ataukaza kwa nguvu hadi misuli ya mkono wa mbele iwake moto kabla ya saa nne. Vidole visipofika, mpini ni mnene: unashikwa kwa ncha, na ncha za vidole hazina nguvu. Kwa watu wazima wengi tofauti kati ya mpini mbaya na mzuri ni milimita tatu au nne tu, kiasi ambacho dukani huwezi kukiona lakini shambani unakisikia kutwa nzima.

Umbo nalo. Mpini wa duara ni wa jembe na wa shoka la kupasulia, vifaa ambavyo mkono huteleza juu yake makusudi. Panga linataka mpini wa bapabapa, wenye umbo la yai likitazamwa kwa mwisho, ili hata gizani, au macho yakiwa juu kwenye mkungu, kiganja kijue makali yameelekea wapi. Na mwisho wake unataka kisigino, ule mdomo unaoshuka chini ya kidole kidogo. Kisigino ndicho kinachozuia panga kuruka. Viwanda vingi hukitengeneza kidogo mno, kwa kuwa kikubwa hula mti, na mti ni gharama. Mkata ngazi anakihitaji kikubwa. Mpiga nyasi anaweza kuishi bila hicho.

Kuna jambo ambalo fundi hakulisema, lakini linaonekana kwa yeyote anayekaa barazani pake. Wanaoleta mkono ni wenye mashamba, au watoto wao. Kibarua haji. Panga analokatia ni la bosi. Asubuhi anapewa, jioni analirudisha, kesho atapewa jingine au litapewa mtu mwingine. Mpini unachongwa kwa mkono mmoja, na panga la vibarua halina mkono wake. Hivyo mtu anayekata mikungu mingi kuliko wote ndiye anayeshika mpini mbaya kuliko yote, na malengelenge yake hayamgharimu mwenye panga hata faranga moja. Niliwahi kumuuliza mwenye shamba mmoja kwa nini asimruhusu kila kibarua awe na panga lake la msimu mzima. Alinitazama kama mtu aliyesikia habari za nchi ya mbali.

Suala la panga ni la nani lina historia nzito huku, na anayeandika kuhusu panga Rumonge akaruka mwaka 1972 anawadanganya wasomaji wake. Tarehe 29 Aprili mwaka huo uasi ulizuka kusini mwa nchi, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa mahali ulipoanzia, na watu wakauawa kwa mapanga. Kilichofuata ni kisasi cha jeshi na serikali nchi nzima dhidi ya Wahutu, hasa waliosoma. Wanaokadiria wanataja kati ya watu 100,000 na 300,000. Maelfu walivuka ziwa na mpaka kuingia Tanzania, wakapelekwa makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo upande wa Mpanda. Vita vilivyoanza 1993 vikaongeza wakimbizi wengine. Wale wa 1972 waliporudi, wengi wao mwaka 2008 na 2009, walikuta michikichi ya baba zao inavunwa na watu wengine, baadhi yao waliopewa viwanja hivyo na serikali kwa mikono miwili. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ilikuwa na kazi nyingi Rumonge kuliko sehemu nyingi za nchi. Mtu asiyejua kama shamba litabaki lake hachongi mpini wa miaka kumi. Ananunua wa plastiki, anasubiri hukumu.

Waliorudi walikuja pia na Kiswahili cha Tabora na Mpanda, na desturi ya miti ya kule. Walizoea mninga na miti mingine ya miombo, migumu, inayosafishika vizuri. Huku mambo ni mengine. Miombo ipo, kwenye vilima vya Vyanda, lakini ni hifadhi. Na msitu wa Kigwena, kusini mwa mji wa Rumonge, nao ni hifadhi, mabaki madogo ya msitu wa nyanda za ziwa. Hakuna mpini unaostahili mti wa Kigwena. Tena haina haja, kwa sababu mti bora wa mpini katika ukanda huu unaota nyuma ya jiko.

Ninausema mpera. Nyuzi zake zimefumana, hivyo haupasuki kwa urefu kirahisi. Watoto wote wanaojitengenezea manati wanalijua hilo kabla ya mafundi. Kasoro yake ni kwamba hautoi kipande kirefu kilichonyooka, lakini kibao cha panga hakihitaji zaidi ya shubiri moja. Mchungwa mzee uliokauka shambani nao ni mzuri, mzito, wenye uso laini wa rangi ya siagi. Umusave, mti wa maua ya njano unaopandwa mipakani mwa mashamba mpaka milimani, ni mti wa mipini tangu zamani: mwepesi kiasi, mnyenyekevu kwa patasi, na mchwa haumpendezi sana. Mjohoro unastahimili joto la Imbo, na moyo wake ni mweusi wenye michirizi, mgumu hadi unachosha msumeno; anayetaka mpini wa kujivunia atumie huo. Mkaratusi una nguvu na uko kila mahali, ila hupasuka ukikauka haraka, basi uache kwa majembe. Mgrevilea ni wa mbao za dari. Mwembe, ambao watu huukata kwa sababu upo tu, hunywa maji, huingia ukungu na kuoza kwenye matundu ya ribiti.

Mti wowote utakaochagua, ukiwa mbichi hujachagua kitu. Mti unapokauka hupungua kwa upana, si kwa urefu. Kibao kibichi kilichokazwa vizuri leo, baada ya mwezi kitakuwa kimesinyaa, na ribiti iliyokuwa imekibana itakuwa inacheza ndani ya tundu. Pasua kipande kiwe kinene kuliko unavyohitaji, paka nta au rangi kwenye ncha zake mbili, kwa kuwa ncha ndizo zinazotoa maji haraka na kupasuka, kisha kiweke kivulini penye hewa. Juu ya dari ya jiko ni pazuri, mradi si juu ya moto wenyewe. Njia rahisi ya kujua kama kimekauka ni kukipima uzito dukani kila baada ya muda. Siku uzito utakapokataa kushuka, kipo tayari.

Kuvua mpini wa zamani ni kazi ya tupa na subira. Sawazisha kichwa cha ribiti upande mmoja mpaka kiishe, kisha itoe kwa kugonga msumari uliokatwa ncha. Wapo wanaotupa panga motoni ili plastiki iyeyuke. Plastiki huyeyuka kweli, na chuma cha karibu na mpini hupoteza ugumu wake. Panga la namna hiyo hupinda shingoni siku ya kwanza likikutana na kikonyo kikavu. Moshi wake nao si wa kuvutwa karibu na watoto. Ukishauweka msuka wazi, ukwangue kutu, halafu ulaze juu ya kitu kilichonyooka. Mara nyingi utakuta umepinda. Unyooshe sasa, kwa nyundo, juu ya fuawe au kipande cha reli, kwa sababu vibao viwili havitaunyoosha kamwe, vitapasuka vikijaribu.

Vibao vikatwe kutoka kipande kimoja cha mti na kufunguliwa kama pacha, ili nyuzi zao zielekee upande mmoja na kukauka kwao kuwe sawa. Upande unaolalia chuma lazima uwe bapa kabisa. Hapo fundi wa Kizuka anachukua masizi ya sufuria, anayachanganya na tone la mafuta, anaupaka msuka mzima, kisha anakilaza kibao juu yake na kukibonyeza. Akikiinua, madoa meusi yanamwonyesha mahali chuma kinapogusa. Anayakwangua kwa patasi, anapaka tena, anabonyeza tena. Mara ya kwanza kibao huwa na madoa mawili au matatu. Mwishoni kinakuwa cheusi karibu chote, maana yake kinakaa juu ya chuma kwa uso wake mzima. Ni kazi ya kuchosha na hakuna anayeiona baadaye. Lakini nafasi nyembamba iliyoachwa kati ya mti na chuma ndiyo mlango wa maji, mafuta na kutu, na kila pigo litaitikisa mpaka iwe kubwa.

Masizi hayo hayo hutumiwa na mafundi wa bunduki. Katika mji wa Liège, Ubelgiji, ambako bunduki zimetengenezwa kwa karne nyingi, fundi anayeingiza chuma kwenye kitako cha mti hupaka chuma weusi na kusoma alama zake juu ya mti. Na kwa kuwa Ubelgiji ndio uliotutawala, bastola iliyokuwa kiunoni mwa maafisa wake ilitoka kiwanda cha FN kilichoko Herstal, karibu na Liège: Browning ya mwaka 1935, iliyoanzwa na John Browning, Mmarekani aliyefia huko mwaka 1926, na kumaliziwa na Dieudonné Saive. Mpini wake ni vibao viwili vya mti wa mjozi, kila kimoja kikishikwa na skrubu moja tu. Ndugu yake mkubwa, Colt ya mwaka 1911, hutumia skrubu mbili kila upande. Warusi walikwenda njia zao: Tokarev haina skrubu ya nje, vibao vinashikwa na komeo la ndani linalofikiwa kupitia tundu la magazini, Makarov ina kipande kimoja kinachokumbatia fremu kutoka nyuma, na skrubu moja mgongoni.

Anayebadilisha vibao vya bastola, mahali ambapo sheria inamruhusu kuwa nayo, anajiuliza maswali yale yale ya barazani Kizuka, akiwa kwanza ameitoa magazini na kuhakikisha hakuna risasi chemba. Kibao kinene humsogeza mtu mbali na kifyatulio. Kidole chenye kukata tamaa hufika kwa ncha na kuivuta bastola pembeni. Kibao chembamba mno huingiza kidole hadi kwenye kiungo, na bastola inavutwa upande wa pili. Skrubu ikikazwa kupita kiasi hupasua kibao penye tundu, kama ribiti iliyopigwa nyundo kwa hasira. Mistari inayokatwa ikikatizana juu ya kibao, hadi kuunda vimraba vyenye ncha, ipo kwa ajili ya mkono wenye jasho. Tofauti ni kwamba mwenye bastola hutumia fedha nyingi kwa kitu atakachokishika mara chache, na mkata chikichi hutumia kidogo kwa kitu anachokishika kutoka alfajiri mpaka adhuhuri. Kwetu Burundi, baada ya miaka ya vita na kampeni za kukusanya silaha kwa raia, sioni sababu ya kusikitika kwamba vibao vya mjozi havipatikani sokoni.

Mpini ukiacha kuwa wa mkono na kuwa wa macho, mambo huharibika. Kaskazini ya Bahari ya Hindi, wanaume wa Yemeni na Omani huvaa jambia kiunoni, na kwa muda mrefu mpini uliothaminiwa kuliko yote ulikuwa wa pembe ya faru, ambayo hung'aa kadiri inavyoshikwa. Fedha za mafuta ziliposambaa miaka ya 1970, watu wengi zaidi wakaumudu. Pamoja na mahitaji ya dawa za Asia ya Mashariki, mpini huo ulisaidia kuwamaliza faru weusi wa Afrika: walikadiriwa kuwa 65,000 hivi mwaka 1970, na katikati ya miaka ya 1990 walibaki chini ya 2,500. Yemen Kaskazini ilipiga marufuku kuingiza pembe mwaka 1982, ila marufuku na soko havikukutana upesi. Leo mafundi wa Omani hutumia msandali na resini. Jambia linakata vilevile, pale linapokata kitu chochote.

Turudi kwenye vibao vya panga; sasa ni zamu ya matundu. Usitoboe kibao peke yake kwa kukisia. Kibane juu ya msuka kwa jiliwa, toboa tundu moja kupitia tundu la chuma, ingiza kipande cha waya hapo ili kisisogee, kisha toboa la pili. Fanya vivyo hivyo kwa kibao cha upande wa pili. Kwa ribiti, sahau misumari. Msumari ni mgumu, unahitaji kipigo kikubwa, na kipigo kikubwa hupasua mti. Waya mnene wa shaba uliotoka kwenye kebo ya umeme ni laini na haushiki kutu. Aluminiamu ya nyaya za zamani nayo inakubalika. Ikate ribiti iache kila upande kiasi kinachozidi kidogo unene wa waya wenyewe. Weka washa ndogo kila upande, ili kichwa kibane chuma na si nyuzi za mti, kisha gonga kidogokidogo ukizunguka ukingo, ukigeuza panga kila baada ya mapigo machache. Utaona kichwa kinafunguka chenyewe. Ukifikia kukasirika, weka nyundo chini.

Ni baada ya kukaza tu ndipo mpini unachongwa umbo lake la mwisho. Wanaochonga kwanza na kukaza baadaye hubaki na ngazi ndogo pale mti unapokutana na chuma, na ngazi hiyo ndiyo inayochuna ngozi kati ya gumba na shahada. Pitisha tupa mpaka ukingo wa chuma na wa mti uwe mmoja, mkono ukipita usihisi mpaka. Msasa utumike kwa kiasi. Wateja wanapenda mpini unaong'aa, na fundi anayetaka kulipwa huung'arisha, lakini kwa kazi ya chikichi acha alama ndogo za tupa ubavuni. Hizo ndizo zitakazokushikia panga mafuta yakifika.

Hapa niwe mkali kidogo kuhusu mawese. Kila mtu anayepata mpini mpya huupaka mawese, kwa kuwa yapo na kwa kuwa unapendeza papo hapo. Mawese hayakauki. Yanakaa ndani ya mti, yanaoza kwa harufu, yanavuta vumbi, na kila siku ya jua kali hurudi juu na kukuletea utelezi ule ule uliokukimbiza kutoka kwenye plastiki. Mafuta ya kitani hukauka na kuwa utando. Yakipatikana, paka mara kadhaa, kila mara ukifuta ya ziada na kuacha siku chache. Yasipopatikana, nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kusuguliwa mti ukiwa vuguvugu inatosha. Ukikosa vyote viwili, uache mkavu. Jasho lako litamaliza kazi.

Mpini mpya uliowekwa masika utalegea kiangazi, hata ukiwa umefanya kila kitu sawasawa. Ukanda wa ziwa una mvua kuanzia Oktoba hivi hadi Mei, halafu Juni hadi Septemba upepo ni mkavu na mti unarudisha maji uliyoyanywa. Kwa hiyo panga lirudi kwa fundi mara moja, katikati ya kiangazi, kwa kugongwa ribiti tena. Baada ya hapo hutulia. Kikitokea kibao kimepasuka msimu wa mavuno ukiwa umepamba moto, mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa ukanda mwembamba na kuzungushwa kwa kuvutwa utakuvusha wiki mbili tatu, ila usiuache zaidi: chini yake unyevu hauna pa kutokea na msuka huliwa na kutu pasipo mtu kuona.

Mpini wa mpera ukitunzwa hushinda bapa. Tupa hula chuma mwaka hadi mwaka mpaka panga linabaki jembamba, la kukatia mboga, huku vibao vikiwa ndiyo kwanza vimezoea mkono. Inakuja fikra ya kuvihamishia kwenye panga jipya, na hapo watu wengi hukwama, kwa maana kila kiwanda hutoboa matundu kwa vipimo vyake. Kutoboa upya kwenye mti kunauchosha. Ni afadhali kutoboa msuka, kazi ya kulipia kwa mwenye drili ya umeme mjini Rumonge. Lakini ukitaka kuepuka gharama hiyo, kabla hujatoka nyumbani kwenda kununua panga, laza kibao cha zamani juu ya karatasi, chora matundu yake kwa penseli, na uende nayo dukani.